Carl Laemmle, karani wa duka la nguo aliyejenga mji wa sinema

Wazee wetu wanakumbuka bado sinema ya misioni: shuka jeupe limetundikwa ukutani, mashine inanguruma nyuma ya watu, watoto wamekaa chini mbele kabisa, na padri anawasha taa kila mara filamu inapokatika. Sisi tuliozaliwa baadaye tumeziona picha katika televisheni, na siku hizi katika simu. Lakini sidhani kama wengi wetu tumekwisha kujiuliza ni watu gani waliozifanya picha hizo kuwa kazi kamili, kazi yenye mji wake, mafundi wake na mishahara yake. Hawakuwa wakubwa wa dunia. Mmoja wao alikuwa karani wa duka la nguo, mtu mfupi, aliyesema Kiingereza kwa sauti ya Kijerumani, ambaye mpaka umri wa miaka 39 hakuwa amefanya jambo lo lote la kuandikwa kitabuni. Jina lake Carl Laemmle. Nataka kuwasimulia maisha yake, hasa kwa sababu ya kazi aliyoifanya mwishoni, alipokuwa hana tena studio.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1867 katika mji mdogo wa Laupheim, katika ufalme wa Württemberg, kusini ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, nao Wayahudi walikuwa wengi katika mji ule, wakikaa pamoja na Wakatoliki, soko moja, barabara moja. Baba yake Julius alikuwa mchuuzi. Nyumbani walizaliwa watoto wengi, lakini wengi wao walikufa wangali wadogo, kama ilivyokuwa zamani zile hata kule Ulaya. Alipofika miaka 13 walimpeleka katika mji mwingine, Ichenhausen, akae kwa mfanya biashara na kujifunza kazi. Huko alijifunza kuandika hesabu. Hakupata shule nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mwaka 1883 mama yake alifariki. Kijana akaona hakuna tena cha kumfunga nyumbani. Baba akamlipia nauli ya meli, na mwanzo wa mwaka 1884, akiwa ametimiza miaka 17, akapanda meli iitwayo Neckar pale Bremerhaven, akashuka New York. Kaka yake Joseph alikuwa amekwisha kutangulia Chicago.

Miaka kumi iliyofuata ni ile inayojulikana na kila mgeni katika nchi ya watu. Alitumwa huku na huku na mwenye duka la dawa. Alifanya kazi ya mavuno katika mashamba ya South Dakota. Alishika vitabu vya hesabu vya watu wengine. Mwaka 1894 akaingia katika duka la nguo la mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin, kwanza karani, baadaye msimamizi. Mwaka 1898 akamwoa Recha Stern, mpwa wa mwenye duka. Hapo angaliweza kuzeeka kwa amani, akipima suruali na kuandika matangazo ya bei nafuu. Lakini mwanzo wa mwaka 1906 aligombana na bwana wake juu ya mshahara, akaacha kazi.

Fikirini kidogo. Mtu wa miaka 39, mwenye mke na mtoto, anaacha kazi aliyoipata kwa jamaa ya mke wake! Kwetu wangeitisha baraza la ukoo siku ile ile. Yeye alichukua akiba yake, akaenda Chicago kutafuta duka la vitu rahisi rahisi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akiwa mjini aliona watu wamejipanga mbele ya chumba kimoja cha barabarani. Ilikuwa sinema ya senti tano. Akasimama upande wa pili wa barabara, akaanza kuwahesabu walioingia na waliotoka. Karani ni karani. Hakuuliza kwanza kama picha ni nzuri au mbaya. Aliuliza wanaingia wangapi kwa saa moja, na kila mmoja analipa nini, na kodi ya nyumba ni kiasi gani.

Tarehe 24 Februari 1906 akafungua sinema yake ya kwanza katika barabara ya Milwaukee, Chicago. Wakati huo watu wenye heshima waliziogopa nyumba hizo, maana zilikuwa na giza na uchafu, na akina mama hawakupenda kuonekana humo. Laemmle akaupaka ukuta wa mbele rangi nyeupe, akafagia, akaiita nyumba kwa rangi yake, White Front. Akina mama wakaja na watoto wao. Baada ya majuma machache akafungua ya pili.

Sasa angalieni jinsi kazi moja inavyozaa nyingine. Mwenye sinema alihitaji filamu mpya kila mara, kwa sababu watu wa mtaa ni wale wale, nao hawarudi kutazama kitu kimoja mara kumi. Filamu zilikodishwa na watu wa kati, ambao waliwacheleweshea na kuwapa filamu zilizokwaruzwa. Laemmle akaona afadhali awe mkodishaji yeye mwenyewe. Akaanza mwaka huo huo, na kwa muda wa miaka mitatu akawa mmoja wa wakodishaji wakubwa wa filamu katika Marekani yote. Akamwita Robert Cochrane, fundi wa matangazo aliyekuwa akimwandikia barua tangu siku za duka la nguo, wakawa wenzi wa kazi kwa miaka karibu thelathini.

Ndipo vita vilipoanza. Mwishoni mwa mwaka 1908 makampuni makubwa kumi, Edison akiwa mbele, yalifanya umoja. Umoja huo ulikuwa na hati zote za serikali juu ya mashine za kupigia na kuonyeshea picha. Basi wakatangaza: hakuna mtu atakayepiga filamu wala kuikodisha wala kuionyesha bila ruhusa yetu, na kila mwenye sinema atulipe dola mbili kila juma. Hata mtengenezaji wa ukanda wa filamu, Eastman, alikubali kuwauzia wao tu. Mtu aliyekataa alikosa mashine, alikosa ukanda, na alikosa picha za kuonyesha.

Laemmle alilipa kwa miezi michache. Halafu katika Aprili 1909 akatoka. Kama hawatanipa filamu, alisema, nitazitengeneza. Naye hakuwa amepiga picha hata moja maishani mwake! Mwezi wa Oktoba mwaka ule kampuni yake mpya, IMP, ikatoa filamu yake ya kwanza, habari za Hiawatha. Ukanda waliununua Ufaransa, kwa Lumière. Wapelelezi wa umoja walizunguka wakitafuta mashine zilizotumiwa bila ruhusa, na wapiga picha walijifunza kuzificha. Mwaka 1911 Laemmle alipeleka kundi lake zima la waigizaji, pamoja na Mary Pickford, mpaka kisiwa cha Kuba, mbali na macho ya wapelelezi. Umoja ukamshitaki mara kwa mara. Hesabu inayotajwa siku zote ni kesi 289 kwa miaka mitatu. Cochrane naye aliandika matangazo katika magazeti ya wafanya biashara, akiwadhihaki wakubwa, na wenye sinema ndogo ndogo waliyasoma kwa kicheko wakajiunga naye. Tarehe 1 Oktoba 1915 mahakama ya serikali ilitoa hukumu kwamba umoja ule ulivunja sheria ya kuzuia biashara kushikwa na watu wachache. Lakini wakati huo ulikuwa umekwisha kudhoofika wenyewe.

Watu wakisimulia habari hii hupenda kumfanya Laemmle kuwa Daudi na umoja kuwa Goliathi. Mimi nasita. Daudi huyu alijua pia kusema uongo. Zamani zile majina ya waigizaji hayakuandikwa katika filamu. Makampuni yaliogopa kwamba mtu akijulikana ataomba mshahara mkubwa. Kulikuwa na mwanamke, Florence Lawrence, ambaye watazamaji walimpenda sana bila kujua jina lake. Laemmle akamvuta kutoka kampuni nyingine kwa mshahara mzuri. Katika Machi 1910 likatoka tangazo kubwa la IMP, likisema kwa hasira kwamba maadui wametangaza katika mji wa St. Louis kuwa Bibi Lawrence amekufa kwa ajali ya tramu, na kwamba huo ni uongo mtupu: yu mzima. Halafu wakampeleka St. Louis aonekane, na watu wakajaa kituoni kumpokea. Wataalamu waliochunguza baadaye wanaona kwamba uongo ule wa kifo haukutoka kwa maadui. Ulitoka katika ofisi ya IMP yenyewe. Basi, tangu siku zile majina na sura za waigizaji zimekuwa mali, na wengine kati yao wameharibika kwa mali hiyo. Bibi Lawrence mwenyewe alisahauliwa upesi, akafa maskini mwaka 1938.

Mwaka 1912 Laemmle na wakuu wa makampuni mengine madogo waliunganisha kazi zao, wakaiita kampuni Universal. Wenzi hao waligombana karibu tangu siku ya kwanza, kila mmoja akitaka kushika vitabu. Laemmle alivumilia, akanunua sehemu ya mmoja, halafu ya mwingine. Mwaka 1920 kampuni ikabaki mikononi mwake na mwa Cochrane.

Katikati ya magomvi hayo alijenga mji. Katika California kuna jua karibu mwaka mzima, nalo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu taa za wakati ule zilikuwa hafifu na picha nyingi zilipigwa nje. Alinunua shamba la kuku na mifugo katika bonde la San Fernando, kaskazini ya Hollywood, ekari 230, na tarehe 15 Machi 1915 akalifungua rasmi kwa jina la Universal City. Ulikuwa mji kweli: ulikuwa na posta, askari, wazima moto, shule na hospitali. Majukwaa yalikuwa wazi juu, yamefunikwa kwa vitambaa vyembamba ili kupunguza ukali wa jua. Filamu hazikuwa na sauti, na kwa hiyo waliweza kucheza hadithi tatu nne bega kwa bega, huku maseremala wakipiga misumari na mwongozaji akipaza sauti, wala haikudhuru.

Laemmle akaona hapo jambo jingine la senti. Akawaruhusu watu wa nje kuja kutazama kazi, kwa senti 25, na chakula kidogo ndani ya bei. Walikaa katika viti vya ngazi, wakapiga makofi shujaa alipotokea na kumzomea mwovu. Kuku hakuwafukuza wote. Mayai yaliuzwa kwa wageni waliporudi kwao. Sinema ilipopata sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, milango ikafungwa, kwa maana kikohozi kimoja kingeharibu picha. Mwaka 1964 wakubwa wengine wa kampuni waliifungua tena, na ziara hizo zimeendelea mpaka leo.

Ningependa akina mama wanaosoma gazeti letu walijue hili pia: katika miaka ile ya kwanza, wanawake 11 waliongoza filamu katika Universal. Lois Weber alikuwa mkubwa wao, na filamu zake zilihusu ulevi, umaskini, mishahara midogo ya wasichana wa dukani. Baada ya mwaka 1920 wanawake hao walipotea kidogo kidogo, mabenki na makampuni makubwa yalipoingia na kuiona kazi ile kuwa ya wanaume.

Laemmle mwenyewe hakuongoza filamu wala hakuandika hadithi. Kazi ya mtu wa namna yake ilikuwa kutafuta fedha, kuchagua watu, kuhesabu gharama na kuuza. Katika kuchagua watu alikuwa na bahati na pia alikuwa na jicho. Alikuwa na karani mmoja kijana, mgonjwa wa moyo tangu utotoni, Irving Thalberg. Akamwachia studio nzima kijana huyo akiwa na miaka 20 tu. Hata sahihi ya hundi sheria haikumruhusu bado kutia. Thalberg ndiye aliyemzuia mwongozaji Erich von Stroheim, aliyekuwa akimwaga fedha za kampuni kama maji, na ndiye aliyesukuma kazi kubwa ya mwaka 1923, hadithi ya kipanda wa Notre-Dame, iliyochezwa na Lon Chaney. Kwa filamu ile walijenga katika bonde la California uso wa kanisa kuu la Paris, na milango yake na sanamu zake. Lakini Laemmle hakumwongezea kijana mshahara uliomfaa, naye akaondoka mwaka ule ule, akajenga utajiri wa kampuni nyingine. Karani wa Oshkosh aliyeondoka kwa sababu ya mshahara alikuwa amesahau kidogo!

Kwa jamaa zake, kinyume chake, hakujua kusema hapana. Kila safari ya Ulaya alirudi na mtoto wa dada, binamu, mjukuu wa jirani. Wote wakapata kazi Universal, wengine kazi isiyojulikana ni kazi gani. Watu walihesabu jamaa wapatao 70 katika orodha ya mishahara, na mshairi mmoja wa Marekani alimchezea jina lake kwa sababu hiyo. Wote studioni, hata wasio jamaa, walimwita Mjomba Carl. Kwetu Kongo jambo hili halihitaji maelezo marefu. Tunajua faida yake na tunajua hasara yake. Kati ya jamaa hao wengi walikuwa mzigo. Lakini mmoja, kijana kutoka Mulhouse aliyeanza kwa kutumwa tumwa tu, alikuwa William Wyler, na huyo akawa mmoja wa waongozaji wakubwa wa sinema ya dunia.

Niseme sasa juu ya Laupheim, maana hapa ndipo shida ya maisha yake ilipo. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Marekani ilipoingia vitani, Universal ilitoa mwaka 1918 filamu iliyomwita mfalme wa Ujerumani mnyama wa Berlin. Wajerumani hawakumsamehe upesi. Mwezi wa Januari 1919 mke wake Recha akafa kwa ile homa ya mafua iliyoua watu wengi duniani pote. Naye hakuoa tena. Ujerumani ilikuwa katika njaa, na yeye akaanza kutuma fedha na vyakula kwa maskini wa mji wake, Wakristo na Wayahudi pamoja. Kila alipoweza alikwenda Laupheim wakati wa kiangazi. Mji ukampa heshima ya raia wake mkuu na kutia jina lake katika barabara moja.

Mwaka 1930 Universal ilitoa filamu ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko zote zilizotoka mikononi mwake, Hakuna jipya upande wa magharibi, kutoka kitabu cha Mjerumani Remarque. Ni hadithi ya wanafunzi waliohubiriwa vita na mwalimu wao, wakaenda kwa nyimbo, wakafa mmoja mmoja katika matope. Inawaonyesha Wajerumani kuwa watu, watoto wa mama zao. Mwanawe Laemmle, Carl mdogo, ndiye aliyeisimamia, maana baba alikuwa amempa studio siku alipotimiza miaka 21. Filamu ikapata tuzo ya kwanza ya Marekani.

Ilionyeshwa Berlin mara ya kwanza tarehe 4 Desemba 1930. Kesho yake wafuasi wa Hitler, wakiongozwa na Goebbels, walinunua tiketi, wakaingia, wakatupa mabomu ya uvundo, wakaachilia panya weupe kati ya viti, wakawapiga watu waliowadhani kuwa Wayahudi. Fujo ziliendelea siku baada ya siku barabarani. Tarehe 11 Desemba serikali ikaipiga marufuku, si fujo, bali filamu, ikisema inaharibu heshima ya Ujerumani. Mwaka uliofuata iliruhusiwa kwa sharti kwamba sehemu kadhaa zikatwe, tena si kwa Ujerumani tu bali kwa nchi nyingine pia. Na Universal ilikubali. Sikumpenda hapo. Soko la Ujerumani lilikuwa kubwa, na mfanya biashara alimshinda mtu wa Laupheim. Hata hivyo aliona mapema kuliko wengi. Mwanzo wa mwaka 1932, mwaka mzima kabla Hitler hajashika serikali, alimwandikia Hearst, mwenye magazeti mengi ya Marekani, akimwomba apaze sauti, kwa kuwa Hitler akitawala maelfu ya Wayahudi watapatwa na mabaya. Mwaka 1933 Hitler akatawala. Filamu ikapigwa marufuku kabisa, na barabara ya Laupheim ikanyang'anywa jina la Laemmle.

Mambo ya studio nayapita haraka. Baba na mwana walitoa hadithi za kutisha, Dracula na Frankenstein mwaka 1931, zilizoleta fedha wakati wa ile taabu kubwa ya uchumi. Lakini fedha hazikutosha. Mwishoni mwa 1935, ili kumaliza filamu ya nyimbo, Show Boat, ambamo Paul Robeson aliimba, walikopa dola 750,000 kwa watu wenye mitaji, na rehani ilikuwa haki ya kuinunua kampuni yenyewe. Katika Machi 1936 wakopeshaji waliitumia haki hiyo. Mzee wa miaka 69 akatoka katika mji alioujenga. Show Boat ilitoka miezi miwili baadaye, ikapendwa sana.

Basi akabaki na nyumba, na fedha za kutosha, na barua.

Barua zilitoka Laupheim, na kutoka miji mingine. Ili mzielewe, lazima mjue sheria. Tangu mwaka 1924 Marekani iliweka hesabu ya wageni kwa kila nchi, na Wajerumani walikuwa chini ya 26,000 kwa mwaka. Lakini hata nafasi hizo hazikujaa katika miaka ya kwanza ya Hitler, kwa sababu konsuli aliweza kumkataa ye yote aliyedhaniwa kwamba ataishi kwa msaada wa serikali. Nao Wayahudi walikuwa wakinyang'anywa kazi na mali kabla ya kuondoka, hata wakafika mbele ya konsuli mikono mitupu. Njia ilikuwa moja: raia wa Marekani aape kwa maandishi kwamba atamlisha mtu huyu, aonyeshe mali yake, nyumba yake, hesabu yake ya benki, na kuweka sahihi. Ni kama msimamizi wa ubatizo anavyotia jina lake kitabuni, lakini hapa msimamizi anaweka na mfuko wake juu ya meza.

Sisi tunaijua karatasi ya namna hii. Tunaiita kumchukua mtu juu yako. Nami nakiri kwamba mpwa wangu aliponiletea moja miaka michache iliyopita, ya mkopo mdogo tu wa cherehani mbili, niliiacha chini ya Biblia siku tatu nikitafuta sababu ya kukataa. Niliitia sahihi siku ya nne, kwa sababu ya aibu mbele ya dada yangu.

Laemmle alitia sahihi karatasi zaidi ya 300. Kwanza kwa jamaa zake, halafu kwa watu wa Laupheim, halafu kwa watu ambao hakuwahi kuwaona uso. Alipoulizwa na wenye ofisi kwa nini anawadhamini wasio jamaa, hakuwa na jibu la sheria. Mwaka 1938 konsuli za Marekani kule Ujerumani zikaanza kuzikataa karatasi zake. Mzee, walisema, una miaka 71. Umekwisha kuwachukua watu wengi mno. Ukifa nani atawalisha? Si neno la kijinga. Karani wa Oshkosh angesema vile vile. Lakini tarehe 12 Aprili 1938 alimwandikia waziri wa mambo ya nje, Cordell Hull, akiomba karatasi zake zikubaliwe. Kisha akamwandikia konsuli mkuu wa Stuttgart, Samuel Honaker. Alisema kwamba moyo wake haujapata kuumia hivyo kwa jambo lo lote, na kwamba kila Myahudi wa Marekani mwenye uwezo anapaswa kufika mpaka mwisho wa uwezo wake kwa ajili ya wale wanyonge. Waliposhikilia kukataa, akawageukia marafiki na wenzake wa zamani wa sinema, akiwasihi watie sahihi wao. Yule aliyewahi kuwapigia watu simu juu ya bei ya filamu sasa aliwapigia juu ya watu.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa Ujerumani kote. La Laupheim, ambamo Carl alipelekwa alipokuwa mtoto, liliteketea pamoja na mengine, na wanaume Wayahudi wa mji wakapelekwa kambi ya Dachau. Baada ya hapo barua ziliongezeka, na milango ya konsuli ilikuwa na foleni ya miaka.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 24 Septemba 1939 nyumbani kwake Beverly Hills, umri miaka 72. Vita vya pili vilikuwa na majuma matatu. Katika mwaka 1941 na 1942 Wayahudi waliokuwa bado Laupheim walipakiwa katika treni wakapelekwa mashariki, na wengi wao waliuawa huko. Baadhi yao walikuwa wameandika barua California. Katika mji ule siku hizi shule moja ya sekondari ina jina la Carl Laemmle, na katika ngome ya zamani wameweka makumbusho ya Wakristo na Wayahudi waliokaa pamoja pale. Wajukuu wa wale waliotiwa sahihi huja toka Marekani mara kwa mara, wakauliza nyumba ya bibi yao ilikuwa barabara gani.